Neno “avuncular”: mwongozo kamili wa kulielewa, kulitumia na kulitafsiri kwa Kiswahili

Kila muhula huwapa wanafunzi wangu wa tafsiri sentensi hii moja ya Kiingereza: “The new manager had an avuncular manner that put the interns at ease.” Kila muhula hupokea majibu ya aina tatu. Wapo wanaoandika kwamba meneja mpya alikuwa na tabia za kijomba. Wapo wanaoandika kwamba alikuwa mjomba wa wanagenzi, na hapo msomaji huanza kujiuliza kama nafasi zile za kazi hazikutolewa kwa undugu. Wapo pia wanaolikwepa neno kabisa na kuandika kwamba meneja alikuwa mtu mzuri.

Majibu yote matatu yamekosea, lakini kila moja limekosea mahali pake, ndiyo maana kusahihisha karatasi moja moja hakujasaidia. Mwongozo huu unafuata njia nzima, tangu unapokutana na neno hadi unapolikabidhi kwa msomaji wa Kiswahili. Sitasimulia historia yake, isipokuwa kipande kidogo katika hatua ya pili ambacho kina kazi ya kufanya.

## Mahitaji

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza. Kamusi ya lugha mbili haitoshi, kwa sababu hulazimika kujibu kwa neno moja au mawili, na kwa neno hili jibu la haraka huwa ni “-a mjomba”. Hilo ndilo chimbuko la makosa mengi.

Hazina ya matini, yaani mkusanyiko mkubwa wa maandishi halisi, inayoweza kutafutwa. COCA, ambayo ni hazina ya Kiingereza cha Marekani, ina zaidi ya maneno bilioni moja, na BNC ya Uingereza ina milioni 100. Neno hili ni adimu, kwa hiyo hutalisikia mara za kutosha katika mazungumzo ili kulizoea. Inakubidi uliendee lilipo.

Kamusi ya Kiswahili sanifu, ili kuhakiki kila neno utakalotaka kulipendekeza.

Karatasi yenye safu tatu, yaani nani, kwa nani, na kwa nia gani.

Mtu mmoja wa kukusikiliza ambaye hajaiona sentensi ya Kiingereza. Watu wengi huliacha sharti hili, nao ndio wanaorudi na makosa yale yale.

## Hatua ya 1: Amua kama sentensi inahusu ukoo au mwenendo

Neno “avuncular” lina maana mbili. Ya kwanza ni ya ukoo, nayo humhusu mjomba au mtu aliye katika nafasi ya mjomba. Utaikuta katika anthropolojia, katika sheria na katika maabara za vinasaba. Ya pili ni ya mwenendo: husemwa juu ya mtu, kwa kawaida mwanamume aliyekwisha kukomaa, ambaye huwatendea walio wadogo kwake kwa upole, ucheshi na moyo wa kuwajali, bila ukali wa mzazi. Katika magazeti, riwaya na wasifu wa watu, maana ya pili ndiyo inayotawala.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba maana hizi mbili zinapoingia katika Kiswahili hupita milango tofauti kabisa. Ya kwanza hudai istilahi, na ya pili hudai maelezo ya mwenendo. Ukichanganya, utawapa wanagenzi mjomba wasiyekuwa naye.

Alama ya haraka ni nomino inayofuata. Ikiwa ni tabasamu, sauti, namna, haiba au ushauri, uko katika mwenendo. Ikiwa ni ndoa, makazi, uhusiano wa damu au kipimo, uko katika ukoo.

Tahadhari: usidhani kwamba kutajwa kwa familia katika aya kunaamua jambo. Mtu anaweza kuelezwa kuwa “avuncular” kwa watoto wa jirani ambao hana nao undugu hata kidogo.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika pembeni ya sentensi neno “ukoo” au “mwenendo” na kutaja ni neno gani katika sentensi hiyo limekuthibitishia.

## Hatua ya 2: Mfahamu mjomba aliyejificha ndani ya neno

Hapa ndipo Mswahili ana faida kuliko Mwingereza, na inasikitisha kwamba wengi wetu hatuitumii.

Neno hili linatokana na “avunculus” la Kilatini, ambalo maana yake ni kaka wa mama. Si kaka wa baba. Huyo alikuwa “patruus”. Dada wa baba aliitwa “amita”, na dada wa mama “matertera”. Warumi, kwa hiyo, walikuwa na majina manne kwa watu wanne, kama sisi tulivyo na mjomba, ami au baba mdogo na baba mkubwa, shangazi, na mama mdogo na mama mkubwa. Kiingereza kilibakiza mawili tu. “Uncle” lilitokana na lile jina la mjomba, na “aunt” lilitokana na lile la shangazi, yote mawili kwa kupitia Kifaransa. Mwingereza anayemwita kaka wa baba yake “uncle” anamwita mjomba bila kujua, na anayemwita mama yake mdogo “aunt” anamwita shangazi.

Kipande hiki kina matumizi mawili. Kwanza, kinakuzuia kutafsiri “avuncular” kwa ami au baba mkubwa kwa kubahatisha. Pili, kinakukumbusha kwamba mwandishi wa Kiingereza wa leo haitambui tofauti hiyo: anaposema “avuncular” hafikirii upande wa mama wala wa baba, anafikiria tu yule ndugu wa mzazi anayekuja na zawadi mfukoni na mizaha mdomoni. Kwa hiyo asili ya neno inaelekeza kwa mjomba, lakini matumizi ya leo hayamdai.

Swali gumu zaidi ni hili: msomaji wako ana mjomba wa namna gani?

Katika jamii zinazofuata ukoo wa mama, kama vile Waluguru wa Morogoro, au Wamakonde na Wayao wa kusini mwa Tanzania, mjomba kwa mila ndiye mwenye kauli. Ndiye anayeshauriwa kuhusu ndoa ya mpwa wake, na urithi na madaraka ya ukoo hupita upande wake. Kwa msomaji aliyekulia katika mila hizo, “kama mjomba” kunaweza kuleta picha ya mzee ambaye mbele yake mtu hukaa vizuri. Katika jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba mambo hugeuka: baba ndiye mwenye fimbo, na mjomba ndiye unayemkimbilia.

Wanaanthropolojia walilishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 1924 Radcliffe-Brown aliandika juu ya Wathonga wa Msumbiji, jamii ya ukoo wa baba, ambamo mpwa ana uhuru mkubwa kwa mjomba wake, hata wa kujichukulia vitu vyake. Malinowski, aliyeishi visiwa vya Trobriand, katika Papua Guinea Mpya ya leo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alikuta kinyume chake: huko ukoo ni wa mama, mjomba ndiye mwenye amri, na baba ndiye rafiki laini wa watoto. Mtu wa Trobriand angelichukua neno “avuncular” kama lilivyo kwenye magazeti ya London, angeshangaa kwa nini upole unapewa jina la mtu mkali.

Liko pia tatizo la “kijomba” lenyewe. Katika pwani ya Kenya, Wamijikenda wamezoea kuwaita Waswahili Adzomba, yaani wajomba, na matumizi hayo yamevuka hadi katika Kiswahili cha Kenya. Msomaji wa Kilifi anayekuta “tabia za kijomba” anaweza kabisa kuelewa kwamba meneja alikuwa na tabia za watu wa mjini pwani.

Tahadhari: wepesi wa mitaani nao hausaidii. Neno “anko” hutumiwa na kondakta kwa abiria asiyemjua, na vijana kwa mtu wanayemtania, na lina dhihaka yake pale mtu mzima anapojipeleka kwa mabinti. Katika maandishi rasmi litaangusha sentensi nzima.

Umefaulu ikiwa unaweza kusema, kwa sentensi moja, msomaji wako ataona nini akisoma “kama mjomba”, na kama picha hiyo inaafikiana na ile ya mwandishi.

## Hatua ya 3: Jaza zile safu tatu

Chukua karatasi yako sasa. Safu ya kwanza, andika nani anaelezwa: umri wake, cheo chake, jinsia yake. Safu ya pili, andika anaowaelekea. Safu ya tatu, andika nia ya mwandishi: anasifu, anaeleza tu, au anang’ata?

Sababu ni kwamba “avuncular” ni neno la uhusiano. Mtu hawezi kuwa hivyo akiwa peke yake chumbani. Lazima kuwe na pengo la umri au la uzoefu, lazima yule wa juu ajishushe kidogo, na lazima asiwe na mamlaka ya mzazi, au kama anayo, asiyatumie wakati huo.

Hapa pia ndipo unapolitenga na ndugu zake. “Fatherly” na “paternal” humleta baba, pamoja na wajibu wake wa kulea na kuonya. “Paternalistic” ni lawama: mtu anawaamulia wengine mambo yao kwa madai kwamba anawafaa. “Patronizing” ni yule anayezungumza nawe kama kwamba huelewi. Mstari kati ya “avuncular” na “patronizing” ni mwembamba kuliko kamusi zinavyoonyesha, na mara nyingi anayeamua ni yule anayeambiwa, si anayesema.

Safu ya tatu ndiyo inayosahaulika. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, magazeti ya Marekani na Uingereza yalimwita Stalin “Uncle Joe”, na picha ya mzee mwenye masharubu na kiko ikasaidia kumfanya mshirika aonekane mtu wa nyumbani. Mwandishi wa leo akimwita dikteta “avuncular”, mara nyingi anataka uone pengo kati ya tabasamu na matendo. Vivyo hivyo, mkono wa “avuncular” unaowekwa begani kwa msichana ofisini unaweza kuwa upole kweli, na unaweza kuwa njia ya mwandishi ya kukuambia kwamba kuna jambo haliko sawa. Sentensi zinazotangulia na zinazofuata ndizo zitakazokuambia.

Umefaulu ikiwa safu ya tatu ina neno moja lililo wazi, na unaweza kuonyesha sentensi iliyokupa neno hilo. Ukiandika “sijui”, rudi ukasome aya nzima, usiendelee.

## Hatua ya 4: Weka sawa matamshi na umbo

Hatua hii ni fupi. Neno lina silabi nne, na mkazo wake uko kwenye ya pili: a-VANG-kyu-la. Ulimi wa Kiswahili umezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo utataka kusema a-vang-KYU-la; uzuie. Wamarekani huisikilizisha “r” ya mwisho, na Waingereza wengi huimeza.

Kwa kuwa linaanza na irabu, hutanguliwa na “an”, si “a”. Kiwango hulinganishwa kwa “more” na “most”, hakuna “avuncularer”. Kielezi chake ni “avuncularly” na nomino yake ni “avuncularity”, lakini zote mbili ni adimu kiasi kwamba zinaonekana kama mapambo. Afadhali useme “in an avuncular way”.

Tahadhari: lisichanganywe na “vernacular”, ambalo huhusu lugha ya wenyeji. Nimekwisha kusahihisha insha moja iliyosifu “avuncular languages of Africa”. Lugha za wajomba, labda.

Umefaulu ikiwa unaweza kulitamka mara tatu mfululizo katikati ya sentensi bila kusita.

## Hatua ya 5: Litumie katika Kiingereza chako, kwa kiasi

Fungua ile hazina ya matini na utafute nomino zinazofuata neno hili. Utakutana mara kwa mara na “figure”, “manner”, “smile”, “tone”, “charm”, “air” na “advice”. Anza na hizo, kwa sababu neno adimu likiwa na jirani asiyezoeleka humfanya msomaji asimame mara mbili, na mara ya pili humshuku mwandishi.

Linaweza pia kusimama baada ya kitenzi: “He was avuncular with the younger players.” Kocha mzee na wachezaji chipukizi, hakimu anayekaribia kustaafu na mawakili wapya, mtangazaji na watazamaji wake: hayo ndiyo mazingira yake. Walter Cronkite, aliyesoma taarifa ya habari ya jioni ya televisheni ya CBS kuanzia 1962 hadi 1981, ameelezwa kwa neno hili mara nyingi sana, na Wamarekani wengine walimwita “Uncle Walter” waziwazi.

Usilitumie kwa mjomba halisi. “My avuncular uncle” ni sawa na kusema “shangazi yangu wa kishangazi”. Kila mtu atacheka isipokuwa wewe. Usilitumie kwa vitu, na usilitumie kwa kijana wa miaka ishirini, ila kama unataka kusema kwamba anajifanya mzee.

Kwa wanawake kuna shida. Kiingereza hakina jozi iliyozoeleka. Lipo “materteral”, kutoka kwa yule dada wa mama wa Kilatini, lakini ni neno la wapenda maneno na hutumika kwa mzaha. Waandishi wengi husema “motherly” au “like a favourite aunt”, na mimi naona wanafanya vyema.

Mara moja katika maandishi ya kurasa kumi inatosha. Neno adimu likirudiwa katika ukurasa mmoja, msomaji huanza kulihesabu badala ya kusoma.

Umefaulu ikiwa ukilitoa neno na kuweka “kindly” sentensi inabaki sahihi lakini inapoteza kitu, yaani ule umri na ule ukaribu wa kinyumbani. Kama haipotezi chochote, “kindly” lilitosha tangu mwanzo.

## Hatua ya 6: Lilete katika Kiswahili

Sasa tuna sentensi iliyopimwa, na tunahitaji njia. Sipendekezi neno moja la kudumu, kwa sababu halipo, na wanaolitafuta ndio wanaoishia kwenye “kijomba”. Ninachopendekeza ni kuchagua njia kwa kufuata safu ya tatu ya karatasi yako.

Mwandishi anaposifu au anaeleza tu. Vunja kivumishi kiwe mwenendo, na umtafute mtu ambaye Kiswahili tayari kinamjua kwa mwenendo huo. Mara nyingi mtu huyo ni “mzee”, hasa “mzee wa nyumbani”. Katika maisha ya hadharani Kiswahili hakikumchagua mjomba hata kidogo: Nyerere ni Mwalimu na Baba wa Taifa, na Kenyatta ni Mzee. Sentensi ya meneja, basi, inaweza kuwa hivi: “Meneja mpya alikuwa mcheshi na mpole kwa wanagenzi kama mzee wa nyumbani, hata wakajisikia huru mbele yake.” Kivumishi kimoja kimekuwa maneno kadhaa, na hakuna ubaya. Kiswahili hupenda kusema mtu anafanya nini kuliko kumbandika sifa.

Zingatia tu kwamba “mzee” peke yake, bila “wa nyumbani” au bila kitenzi cha kulainisha, linaweza kumaanisha bosi. Mfanyakazi anayesema “mzee ameingia” hasemi kwamba amefurahi.

Kunapokuwa na kitendo cha mwili. Chukua sentensi hii: “He gave her an avuncular pat on the shoulder and told her not to worry.” Wanafunzi wengi hukimbilia kitenzi “kupapasa”. Usikiguse. Kupapasa bega la msichana ni jambo jingine kabisa, na sentensi iliyokuwa ya kutuliza itakuwa ya kushtaki. Sema: “Alimpigapiga begani taratibu, kama mzee anayemtuliza mtoto wa nyumbani, akamwambia asiwe na wasiwasi.” Ikiwa safu yako ya tatu inasema mwandishi anang’ata, ondoa “wa nyumbani” na uache baridi iingie: “Alimpigapiga begani kana kwamba ni mtoto wake, akamwambia asiwe na wasiwasi.”

Mwandishi anapokejeli. Hapa upole lazima uonekane kuwa ni sura. “Behind the avuncular smile was a man who had signed the lists” inaweza kuwa: “Nyuma ya tabasamu lile la mzee mpenda watu alikuwamo mtu aliyetia saini orodha zile.” Vionyeshi “lile” na “zile” vinafanya kazi kubwa, vinamwambia msomaji kwamba tabasamu hilo na orodha hizo anazijua. Kejeli ya Kiswahili mara nyingi hukaa kwenye maneno madogo kama haya.

Mjomba anaporuhusiwa. Ikiwa matini yenyewe ni ya kifamilia, au mhusika anaitwa “Uncle” na wenzake, unaweza kuandika “kama mjomba wao”, mradi jibu la hatua ya pili lilikuwa zuri. Hapo neno linarudi nyumbani kwake. Hata hivyo, angalia lugha ya tatu. Ho Chi Minh huitwa kwa Kiingereza “Uncle Ho”, lakini Wavietinamu humwita “Bác”, neno la heshima la kumwita ndugu mkubwa wa mzazi, hasa kaka mkubwa wa baba. Ukifuata Kiingereza utapata mjomba. Ukifuata Kivietinamu utapata baba mkubwa, na picha ya baba mkubwa ndiyo iliyokusudiwa.

Neno linapokuwa istilahi. Sasa tuko katika ukoo, na hapa kuna mtego ambao haukamati wanafunzi tu. Kipimo cha vinasaba kiitwacho kwa Kiingereza “avuncular test” hulinganisha mtu na ndugu wa anayedhaniwa kuwa mzazi wake, pale ambapo mzazi mwenyewe amefariki au hapatikani. Ndugu huyo anaweza kuwa mjomba, ami, shangazi au mama mdogo, kwa sababu wote hao hushirikiana na mtoto takriban asilimia 25 ya vinasaba. Ukiandika “kipimo cha ujomba” katika waraka wa mahakama, umewatoa watatu kati ya wanne, na shangazi aliyekuja kutoa sampuli atauliza anatafutwa nani. Andika “kipimo cha vinasaba kati ya mtu na ndugu wa mzazi wake”. Ni kirefu, lakini hakimdanganyi mtu.

“Avuncular marriage” ni ndoa ya mjomba na binti wa dada yake, ambayo imekuwa desturi katika baadhi ya jamii za kusini mwa India. Baadhi ya waandishi huitumia kwa ndoa ya ami na binti wa kaka yake pia, kwa hiyo thibitisha kabla ya kuandika “mjomba na mpwa”. Kuhusu makazi ya wanandoa wanaohamia kwa kaka wa mama wa mume, Kiingereza kililazimika kuunda neno zito, “avunculocal”. Sisi tunalo tayari: makazi ya ujombani. Ni mara chache istilahi ya anthropolojia huingia katika Kiswahili ikiwa nyepesi kuliko ilivyotoka.

Umefaulu ikiwa sentensi yako inaweza kusomwa na mtu asiyejua Kiingereza bila kusimama, na kama umri, upole na ukaribu vyote vitatu vimo ndani yake, au kimoja kimeachwa kwa makusudi.

## Hatua ya 7: Msomee yule msikilizaji

Mwite sasa yule mtu uliyemtafuta mwanzoni. Msomee sentensi ya Kiswahili mara moja, kwa sauti ya kawaida, bila kumwonyesha asili yake na bila kumweleza chochote. Kisha muulize swali moja: “Unamwona mtu wa namna gani?”

Usimuulize kama tafsiri ni nzuri. Atasema ni nzuri, kwa adabu. Usimuulize pia kama ameelewa, maana ataitikia tu. Swali la kumwona mtu humlazimisha achore picha, na picha ndiyo unayotaka kuilinganisha na karatasi yako.

Akiuliza “mjomba wake nani?”, rudi hatua ya 6. Akisema ni bosi mkali, huenda “mzee” wako amekosa kulainishwa. Akisema ni mtu mzuri tu, umelikwepa neno kama wale wanafunzi wa kundi la tatu, na kuna kitu hujakiandika. Akisita na kusema mtu huyo hamwamini, wakati safu yako ya tatu inasema “anasifu”, tazama kitenzi chako; mara tisa kati ya kumi ndicho chenye kosa.

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja aliipeleka sentensi ya meneja kwa mama muuza chai aliye nje ya lango, kwa sababu mwenzake wa chumbani alikuwa amekwisha kuisoma ile ya Kiingereza. Mama alisikiliza huku akimimina, akafikiri kidogo, akasema: “Si kama yule baba wa stoo? Anayewauliza vijana kama wameshakula kabla hajawatuma kazi.” Mwanafunzi yule aliandika jibu hilo chini ya tafsiri yake na kuikabidhi karatasi, nami sikuwa na la kuongeza isipokuwa alama.